Wimbo wa Maziko Niliopiga Darasani

Naomi mwanangu,

Ni saa tisa alasiri, nami nimekaa dawati la nyuma kabisa katika darasa la kidato cha tatu. Wanafunzi wako uwanjani. Ukungu umeshashuka, goli la upande wa msituni silioni, nasikia tu wanavyobishana kama mpira uliingia au haukuingia. Nyumbani nimewaacha wewe na mama yako mmelikalia begi ili zipu ifungike, nikaaga kwamba nimesahau daftari shuleni. Nilikudanganya. Nilitaka mahali pa kuandika ambapo hutachungulia begani kwangu kama kawaida yako.

Mambo ya chandarua, ya sabuni, ya kutonunua vyakula dirishani basi likisimama Mombo, mama yako ameshakuambia mara tano, na kesho stendi atakuambia mara ya sita. Mimi sitayagusa. Ninalo jambo moja tu, na nilikusudia kufa nalo. Wewe ndiye uliyeniharibia mpango, Jumapili, mezani.

Ulipanda darini kutafuta begi ukashuka na kopo la biskuti. Ndani yake ulikuta daftari langu la zamani la maandalio ya masomo, na picha moja. Ukaanza kusoma kwa sauti huku ugali unapoa: "Sura ya tisa. Picha: wataleta wenyewe. Muziki: tarumbeta, nitapiga mwenyewe." Ukacheka mpaka ukakohoa. "Baba! Kumbe ulikuwa mwalimu wa hivi? Mbona watoto wa hapa wanasema wewe ni imla mwanzo mwisho?" Kisha ukasema ukimaliza chuo utafundisha vivyo hivyo, riwaya na picha na muziki kwa pamoja, na kwamba mtu wa kwanza kukuonyesha kuwa inawezekana ni baba yako mzazi. Mama yako akainuka na sahani yake ikiwa bado na chakula, akaenda jikoni. Uliniuliza kama anaumwa. Nikasema amechoka.

Picha ile umeitia begini, ndani ya bahasha ya vyeti vyako. Nilikuona. Kabla ya hapo ulinionyesha kwa kidole: mimi nimesimama mbele, mashavu yamevimba, tarumbeta mdomoni, ukutani picha zimebandikwa safu tatu, dirisha liko wazi, na wanafunzi wote wamegeuza nyuso upande mmoja, macho yamewatoka. "Ona walivyozama, Baba," ulisema. "Hakuna hata mmoja anayekutazama. Muziki umewachukua." Sikukusahihisha. Mtu aliyesahihisha maandishi ya watu kwa miaka ishirini na tatu aliendelea kutafuna mboga.

Sasa nisikilize.

Miaka ile nilikuwa na kiburi, na kiburi cha mwalimu wa fasihi ni kibaya kwa sababu kinajua kujieleza. Darasa langu lilikuwa na wanafunzi arobaini na nakala saba za riwaya. Riwaya yenyewe ilikuwa ya mtu aliyetoka mbali, magharibi kabisa mwa nchi, akaja kuchuma chai kwenye milima kama hii yetu. Katika sura ya tisa anafia kambini, na anazikwa na watu wasiojua hata kwao ni wapi. Wanafunzi waliisoma kama ratiba ya mabasi. Ukiuliza sura ya tisa inahusu nini, unajibiwa: "Umaskini, matabaka na nafasi ya mwanamke." Nafasi ya mwanamke! Katika sura ile hakuna mwanamke hata mmoja. Walikuwa wamekariri vile vijitabu vya maswali na majibu, na walimu wenzangu waliona ni sawa tu, mradi wanafaulu. Mimi niliona nimezungukwa na watu waliolala, na kwamba Mungu amenileta niwaamshe.

Ndipo nikapata wazo langu. Kila mwanafunzi alete picha kutoka nyumbani anayoona inafaa sura fulani, asimame aeleze kwa nini. Na kila sura tuitafutie wimbo. Mkuu wa shule alisema hayo ni mambo ya chekechea, lakini akaniacha. Wiki ya kwanza walileta picha za studio, watu wamevaa suti za kuazima mbele ya ndege ya kuchorwa. Wiki ya pili wakaanza kuleta zile ambazo huwa zinafichwa sandukuni. Kuna aliyeleta harusi iliyokatwa upande mmoja kwa mkasi, bwana harusi hayupo, limebaki bega lake. Tulizungumza juu ya lile bega kipindi kizima, na kengele ilipolia hakuna aliyeinuka.

Kulikuwa na msichana mmoja, Agripina. Baba yake alikuja kutoka Kigoma kufanya kazi kwenye shamba la chai, akafa Agripina akiwa mdogo. Hakuwa na picha yoyote. Alileta kitambulisho cha kazi cha baba yake, kile cha kuonyesha getini, kimefutika kwa jasho mpaka limebaki sikio na nusu ya uso. Akakiweka juu ya ukurasa wa sura ya tisa. "Huyu ndiye," alisema, akakaa. Nilipowaambia wafungue kitabu tuendelee, walisoma kwa sauti ambayo sijaisikia tena katika shule hii.

Nakusimulia hayo kwa sababu sitaki udhani ninaikana ile kazi. Ilikuwa kazi nzuri, Naomi. Ingekuwa mbaya ningekuwa na unafuu.

Umekua ukiona tarumbeta moja limetundikwa ofisini kwa mchungaji bila mpigaji, ukaambiwa baba yako aliacha kupiga kwa ajili ya mapafu. Mapafu yangu ni mazima kabisa. Nilipiga tarumbeta usharikani tangu nikiwa na miaka kumi na sita, na watu walisema sauti yangu inavuka bonde. Sasa, wimbo wa maziko wewe unaujua. Unajua kwamba haupigwi ila maiti anapotoka nyumbani. Pengine hujui kwamba hata mazoezini hatukuugusa kwa tarumbeta. Tuliuimba kwa midomo, pa-pa-pa, watu wazima na mvi zao, tukionekana wapumbavu. Sababu ni kwamba watu wa ng'ambo ya bonde wanasikia. Wakisikia, wanaweka majembe chini na kuanza kutembea kufuata sauti, bila kuuliza nani. Na kuna jambo jingine ambalo kila mtu wa hapa analijua: mpigaji akifiwa nyumbani kwake mwenyewe, yeye ndiye anayeanza, peke yake, ubeti mzima. Wenzake wanasimama kimya mpaka amalize, ndipo wanaingia.

Kwa sura ya tisa sikutaka wimbo mwingine. Nilikwenda kwa Mzee Gideoni, kiongozi wetu wapigaji, nikamkuta barazani anachambua mbegu za viazi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu."

Nikamweleza: ninaomba wapigaji wanne waje darasani Jumatano, tupige wimbo wa maziko, wanafunzi wamsikie yule mtu wa kitabuni anavyozikwa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha viazi vyake.

"Maiti yuko wapi?" aliuliza.

Nikacheka. "Yumo kitabuni, Mzee."

"Basi mpigieni humo humo kitabuni."

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Mzee mshamba, nilisema moyoni, ndio hao wanaoturudisha nyuma. Nikaamua nitakwenda peke yangu. Vyeti vyangu vyote na vitabu vyangu vyote havikunikumbusha maana ya kupiga peke yangu. Na mama yako sikumwambia, maana nilijua atanikataza.

Mwaka ule wewe ulikuwa na miaka minane, unakaa kwa bibi yako, kule Magoma. Mama yako alikuwa mjamzito na mimba ilimsumbua tangu mwanzo, kwa hiyo bibi akasema mleteni mtoto huku asome huku kwanza. Unakumbuka joto la kule na ulivyokuwa unalalamika kwamba maji ya kunywa hayana baridi. Jumatatu ya wiki ile bibi alipiga simu kwamba una homa kali, umelazwa zahanati. Jumanne tulijaribu kupiga siku nzima, hapatikani. Mama yako alitaka kushuka Magoma usiku uleule. Nikamwambia ni homa tu, watoto wanaugua wanapona, tusubiri Ijumaa nitakuwa na nafasi twende wote. Nafasi! Nilikuwa na somo langu Jumatano. Nilikuwa nimemwalika fundi picha kutoka mjini aje awaeleze watoto juu ya mwanga.

Jumatano mama yako alikwenda kwenye shamba letu la ng'ambo kung'oa karoti. Mimba ilikuwa ya miezi saba.

Darasani nilibandika picha zote ukutani, kitambulisho cha baba yake Agripina nikakiweka katikati. Fundi picha alisimama nyuma na kamera yake. Nikalitoa tarumbeta kwenye kitambaa. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono, "Mwalimu, ng'ambo hawatasikia?"

"Wakisikia," nikasema, "watajua kwamba fasihi ina nguvu."

Wakacheka. Sentensi ile ilinipendeza kiasi kwamba nilifikiria kuiandika kwenye daftari. Nilikuwa nimefunga madirisha, lakini mstari wa kwanza ulipotoka sauti ikagonga dari na kurudi, mbaya, kama debe. Nikaacha kupiga. Nikaenda mwenyewe kufungua dirisha, hili hapa ninaloliona sasa nikiandika, nikaanza upya. Hakuna aliyenisukuma. Kama kuna dakika moja ningeomba nirudishiwe ni ile ya kutoka ubaoni hadi dirishani, hatua kama sita.

Nilipiga ubeti mzima, na nilipiga vizuri. Agripina alikuwa anafuta machozi. Nilipoingia ubeti wa sita nikaona nyuso zao zinageuka kuelekea dirishani, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikadhani kile kile ulichodhani wewe Jumapili. Nikapandisha sauti zaidi. Hapo ndipo fundi picha alipopiga ile picha uliyoitia begini.

Hawasikilizi muziki, Naomi. Wanamtazama mama yako anapanda njia ya mtoni, kitambaa cha kichwa kimemtoka, kiatu kimoja hakipo, tope limemfika kifuani.

Alijua ni mimi. Alikuwa amelala karibu na pumzi zangu kwa miaka kumi, anajua ninavyovuta hewa kabla ya sauti ya juu. Alisikia mume wake anaanza peke yake. Nyumba yetu ilikuwa ya watu watatu, na wawili alijua wako wapi. Kwa hiyo aliacha karoti akatelemka matuta kwa kukimbia, na tumbo lile, akaanguka mara mbili, akavuka maji, akapanda. Barabara ya kuzunguka ingemchukua saa nzima. Alitumia muda wa beti tano na nusu kufika nusu ya mlima, na nilipofika mwisho wa wimbo alikuwa mlangoni.

Hakusalimu. Aliuliza, "Naomi amekufa saa ngapi?"

Tarumbeta lilikuwa bado mkononi. "Hajafa," nikasema. "Hakuna aliyekufa. Ni somo tu."

Mama yako akakaa kwenye benchi la mbele, akashika tumbo.

Nyuma yake watu walikuwa wanafika. Wanaume na majembe, wanawake na watoto mgongoni, wote wameinamisha vichwa tayari kunipa pole. Na Mzee Gideoni naye alifika, anahema, tarumbeta lake kalifunga kwenye kitambaa. Nilimuuliza baadaye kwa nini alikuja wakati alijua fika ni lile somo langu. Alisema, "Nilijua. Lakini kama silo, je? Ungemaliza ubeti ukakuta hakuna wa kuingia?"

Gari la usharika lilitupeleka hospitali mjini. Mtoto alizaliwa kesho yake, wa kiume, amekwisha kufa. Nilimshika. Alikuwa na vidole virefu, vya kwenu, vya upande wa mama yako. Tulimzika nyumbani, pale juu kidogo, kupita mgomba wa mwisho, ambapo wewe hukatazwi kwenda ila huoni mtu akipalilia isipokuwa mama yako. Kabla ya maziko nilimwendea Mzee Gideoni nikamwomba, hata mstari mmoja tu. Aliniangalia kwa huruma. Akanijibu taratibu kwa Kishambaa, kwa sauti ya mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba huyu nilishampigia.

Hakunisimanga. Nimejaribu miaka yote kumchukia mzee yule nimeshindwa, maana alisema kweli. Wiki iliyofuata nilipeleka tarumbeta kwa mchungaji.

Wewe uliporudi kutoka Magoma tulikuambia mama alianguka akiwa amebeba kuni. Nilitunga mimi. Nilimwambia mama yako ni kwa ajili yako, kwamba ukijua alikuwa anakukimbilia wewe utakua ukidhani homa yako ndiyo iliyomuua mdogo wako. Na hilo ni kweli, kwa hiyo naliandika hapa wazi ulisome mara mbili: ulikuwa mtoto wa miaka minane uliyeugua malaria, huna chochote katika jambo hili. Lakini nusu ya sababu ilikuwa mimi. Nilitaka nyumbani abaki mtu mmoja asiyejua.

Tazama nilichomfanyia mama yako. Kijiji kizima kinajua, na kwa kuwa mimi ni Mwalimu, na wewe ni mtoto, hakuna aliyekuambia. Ukiona kina mama wa kanisani wanabadilisha mazungumzo ukiingia, usidhani wanakusengenya. Kwa miaka kumi na mmoja, machoni pako peke yako, mama yako amekuwa yule mwanamke aliyebeba mzigo wa kuni na mimba ya miezi saba ingawa aliambiwa asibebe. Ulikuwa na miaka kumi na minne ulipomwambia, jikoni, mbele yangu: "Mama nawe, ulikuwa na haraka gani?" Alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama. Akaniangalia. Nikatoka kwenda kumtazama ng'ombe, ambaye hakuwa na tatizo lolote.

Hata Agripina nilimharibia. Siku ile darasa lilifungwa ovyo, picha zikabanduliwa na sijui nani, na kitambulisho cha baba yake hakikuonekana tena. Nimepekua kabati zote za shule hii. Alikuja kuniuliza mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu nilimfokea: "Mimi nina msiba, wewe unaniuliza kitambulisho?" Akasema, "Samahani, Mwalimu." Hakuuliza tena, akamaliza kidato cha nne akaenda zake. Baba yake sasa hana sura popote duniani, na aliyeipoteza ni mwalimu wa fasihi.

Tangu hapo nafundisha kwa imla. Andika, dhamira ya kwanza. Nukta. Andika, dhamira ya pili. Wanafunzi wangu wanafaulu kuliko zamani na mkuu wa shule amenisifu mbele ya wazazi. Hakuna anayelia darasani kwangu wala anayekuja mbio kutoka ng'ambo. Najua wataondoka hapa bila kukutana na mtu hata mmoja ndani ya kitabu. Zamani jambo hilo lingeninyima usingizi. Sasa nasahihisha, nafunga dirisha, naenda nyumbani.

Mwaka jana sokoni Lushoto kijana mmoja mwenye ndevu alinishika mkono kwa nguvu. Alikuwa wa darasa lile. Akaanza kunisomea sura ya tisa kwa kichwa, katikati ya makabichi, sentensi kwa sentensi, akasema hakuna kitu alichofundishwa maishani kilichobaki isipokuwa kile. Nilifurahi, Naomi. Nilifurahi sana, nikatembea na furaha ile mpaka karibu na nyumbani, na nilipomwona mama yako uani anaanika nguo nikaona haya kwa jinsi nilivyokuwa natabasamu.

Sasa unataka kufundisha kama nilivyofundisha. Wiki nzima nimetafuta la kukuambia. Nikisema usifanye, nitakuwa nakudanganya tena, maana zile wiki za picha ndizo pekee ambazo niliistahili chaki niliyoshika. Nikisema fanya, namwona mama yako kwenye ile njia. Watu hupenda kusema kila kosa lina funzo lake. Langu nimelitafuta muda mrefu na nilichopata ni vitu vidogo hata kuviandika naona aibu. Picha anayoleta mtoto ni ya mtu wao. Mrudishie mkononi kabla kengele haijalia. Nyimbo zina wenyewe. Ukiwaomba wakakataa, usidhani umewazidi akili ukaenda kuzipiga peke yako. Na siku mwanafunzi atakapokuuliza kama ng'ambo hawatasikia, usimjibu kwa maneno matamu. Wewe na mimi tuna ulimi mwepesi, umeurithi kwangu, na darasa likicheka tunaona tumeshinda. Nyamaza kwanza uangalie kuna nani ng'ambo.

Basi. Hayo hayatamrudisha mtoto, wala hayatanirudisha mimi nilivyokuwa. Nakuandikia si kwa sababu nina matumaini yoyote.

Barua hii nitakupa stendi kesho. Usiifungue mpaka mmeshaipita Mombo, nisije nikaiona sura yako. Picha ifanye utakavyo. Mimi sitakupigia simu kukuuliza umeisoma au hujaisoma. Ukipiga ukataka kuzungumza na mama yako tu, nitampa simu na nitatoka nje, na sitamuuliza mlizungumza nini. Ukikaa kimya miaka kumi na mmoja, nitajua umehesabu sawasawa.

Jambo la mwisho si langu, ni la mama yako. Leo asubuhi, ulipokwenda kumuaga mchungaji, nilimwambia nakusudia kukuandikia. Alikuwa anakunja blauzi zako. Nilidhani atanikataza, na nadhani nilitaka anikataze. Akasema, "Mwambie. Nimechoka kuwa mtu wa kuni." Akakunja blauzi nyingine, akaiweka begini, akainyoosha kola. Kisha akasema, "Lakini mwambie yote. Ulipomsimulia mchungaji ulinifikisha mlangoni, halafu ukanikalisha kwenye benchi. Kuna kitu pale katikati unakiruka kila siku."

Ni kweli ninakiruka. Nimekiruka hata humu, nilipofika pale kalamu ilikwenda yenyewe mpaka kwenye benchi. Basi nakiandika.

Niliposema hujafa, kwamba ni somo tu, mama yako hakukaa. Alicheka. Tope kifuani, mguu mmoja mtupu, mbele ya wanafunzi arobaini na fundi picha, alicheka kwa sauti kubwa akapiga makofi. "Yuko hai!" alisema. "Jamani, Naomi yuko hai!" Akawakumbatia wale wasichana wa benchi la mbele mmoja mmoja, akawapaka tope sare zao, akanikumbatia na mimi, tarumbeta likiwa katikati yetu. Hakunikasirikia hata kidogo. Hakukumbuka kwamba ameanguka. Alikuwa na furaha ambayo sijapata kuiona kwa mtu mwingine yeyote, na yote ilikuwa yako, na ilidumu labda dakika moja. Ndipo maumivu yakamshika.

Nimeishi naye siku zote tangu hapo, na sijamsikia tena akicheka.

Baba yako